Kueue kwenye klasta ya timu nyingi: rivyu ya mtu anayeitunza

Wakuu, kama kazini kwenu kuna klasta moja (kundi la kompyuta zinazotumika kama moja) ya Kubernetes, ile programu ya kuendesha kazi kwenye kompyuta nyingi, na timu zaidi ya mbili zinaigombania, na hasa kama ndani yake kuna GPU (zile chipu za hesabu nzito), hii rivyu ni yenu. Naongelea Kueue, ile programu ya kupanga jobu (kazi zinazotumwa klasta izifanye) kwenye foleni ambayo mradi wa Kubernetes wenyewe uliitambulisha mwaka 2022. Tunaitumia kwenye shirika ninalofanyia kazi na mimi ndo niko upande wa kuitunza, kwahiyo nitasema ninachokiona kwa jicho la msimamizi na pia kwa jicho la timu zenyewe, maana malalamiko yao nayapokea mimi.

Niseme kabisa mapema, naipa nyota 4 kati ya 5. Na sababu kubwa ni kwamba inajua kukopesha na inajua kudai. Hayo mawili ndo moyo wa kugawana klasta kwa haki, mengine yote ni mapambo. Timu haiwezi kukubali GPU zake zitumike na wengine kama haina uhakika kwamba ikizihitaji inazipata, sio kesho, sio mpaka mtu apigiwe simu, inazipata muda huo huo. Ukishawapa watu uhakika huo, hata wale wagumu kabisa wanaachia. Ukiwanyima, hata uandike sera nzuri namna gani, watu wataficha.

Tuelewane kwanza shida yenyewe. Sehemu nyingi wanaanza kwa kuikata klasta vipande, kila timu inapewa nemspesi yake (chumba chake ndani ya klasta) na ResourceQuota yake, yaani kwota ya kiasi inachoruhusiwa, wewe CPU kadhaa, yule GPU kadhaa, basi, kila mtu abaki kwake. Inaonekana ni haki kwa sababu kila mtu ana chake, lakini ukikaa nayo unaona timu moja watu wanasubiriana kwa masaa na pembeni GPU za majirani ziko kimya hazina hata jobu moja, na hakuna njia ya kuzigusa. Halafu ukifika ukomo wa kwota, podi (kifurushi cha programu kinachoendeshwa kwenye klasta) inakataliwa tu pale pale, hakuna foleni ya kusema haya subiri zamu yako, kwahiyo watu wanaanza kuandika viskripti vya kujaribu tena kila baada ya dakika na anayebahatisha ndo anaingia. Hiyo sio haki, hiyo ni bahati.

Wengine wanafanya kinyume chake, wanaacha wazi kabisa, anayewahi ndiye anayekula. Hapo ndo unakuta mtu kawasha podi yenye GPU 8 na ukiangalia ndani amri yake ni sleep infinity, yaani imelala tu inashikilia nafasi mpaka data yake iwe tayari wiki ijayo. Na siwalaumu kwa kweli. Mtu akijua akiachia hapati tena, lazima ashikilie, wewe ungefanya nini?

Kuna na balaa lingine ambalo halionekani mpaka ukutane na jobu za kutreni (kufundisha) modeli kubwa za AI. Skedula ya kawaida ya Kubernetes, yaani kile kinachochagua podi ikae mashine ipi, inapanga podi moja moja. Sasa chukua klasta yenye GPU 12 zilizo wazi, zinakuja jobu mbili kwa wakati mmoja, kila moja inahitaji podi 8 za GPU moja moja ziwe hewani zote ndipo ianze. Skedula inaweza kuipa hii podi 6 na ile podi 6, na hapo hakuna inayoanza, zote mbili zimekaa zinasubiriana na GPU zote 12 zimeshikwa. Klasta imejaa na hakuna kazi hata moja inayofanyika.

Kueue inafanyaje? Haigusi skedula, haiondoi chochote. Inakaa mlangoni. Ukituma jobu yenye lebo ya foleni, Kueue inaisimamisha kabla haijazaa podi hata moja (inatumia ile suspend iliyokuja kwenye Job za Kubernetes), inajumlisha mahitaji ya jobu nzima, inaangalia kama mgao wa timu unatosha, na ikitosha ndo inaiachia yote kwa pamoja. Isipotosha inabaki kwenye foleni, haikataliwi, haipotei, mtu anaenda kulala na anakuta imeanza yenyewe. Hili la foleni peke yake lilipunguza kelele nyingi sana kwetu, kabla hata hatujafika kwenye kukopeshana.

Msamiati wake unatisha mwanzoni lakini vitu ni vichache. Kuna ResourceFlavor, hii ni aina ya mashine, mfano GPU za aina fulani au nodi (mashine za klasta) za bei rahisi zinazoweza kuchukuliwa muda wowote. Kuna ClusterQueue, hapa ndo mgao wenyewe umeandikwa. Kuna LocalQueue, huu ni mlango tu ulio ndani ya nemspesi ya timu unaoelekeza kwenye ClusterQueue, na watumiaji wa kawaida hiki ndo kitu pekee wanachotakiwa kukijua jina. Halafu kuna kohoti, yaani kundi la ClusterQueue zilizokubali kukopeshana. Basi.

Nieleze kwa namba ili ieleweke. Tuseme shirika lina nodi 6, kila moja ina GPU 8, jumla 48. Timu ya lugha ina mgao wa msingi wa 24, timu ya picha 16, timu ya takwimu 8, zote ziko kohoti moja. Usiku timu ya lugha haina kitu, takwimu wanatumia 8 zao, na picha wana jobu tano za GPU 8 kila moja. Kwa ile njia ya vipande picha wangeendesha jobu mbili tu na tatu zingesubiri asubuhi. Kwenye Kueue wanaendesha zote tano, yaani 16 ni zao na 24 wamekopa za lugha. Klasta imejaa, hakuna GPU iliyokaa bure. Asubuhi mtu wa lugha anatuma jobu ya GPU 16. Kueue inaona hizi 16 ziko ndani ya mgao wake wa 24, kwahiyo ni haki yake, inatafuta nani amekopa, inawakuta picha, inaanza na zenye kipaumbele cha chini, na zikilingana inaanza na zilizoingia karibuni, inang'oa mbili, 16 zinarudi, jobu ya lugha inaingia. Picha wanabaki na 24, yaani bado wamekopa 8 ambazo lugha hawajazihitaji. Zile mbili zilizong'olewa hazijafutwa, zimerudi foleni zinasubiri. Hakuna mkutano, hakuna meseji ya kumwomba mtu azime kazi yake, hakuna mtu aliyemuonea mwenzake. Mimi hapa ndo nilipoipendea.

Ila kuna kitu lazima nikiseme kwa sauti maana naona watu wanaweka Kueue halafu wanasema haifanyi kazi. Huko kudai hakuji kumewashwa. Kwenye ClusterQueue kuna sehemu ya preemption (kung'oa jobu), ndani yake kuna reclaimWithinCohort, na usipoandika kitu inabaki Never. Maana yake ukiweka kohoti tu bila kugusa hapo umewaruhusu watu wakope ila umemnyima mwenye mali haki ya kudai, atasubiri mpaka mkopaji amalize kwa hiari yake, na jobu ya kutreni inaweza kuchukua siku kadhaa. Hapo timu itakopesha mara moja tu, siku ya pili wanarudi kwenye sleep infinity. Weka Any, kwamba mwenye mgao akirudi anachukua bila kujali kipaumbele cha aliyekopa. LowerPriority ipo pia ila ina shida yake, mkopaji mjanja anaandika jobu zake zote kipaumbele cha juu na hang'oki.

Na kwa wanaokopa, wahenga walishasema kukopa harusi kulipa matanga. Jobu ikiwa imetreni masaa 9 bila kusevu popote halafu ikang'olewa, yale masaa 9 yameenda. Kwahiyo kitu cha kwanza tunachomwambia mtu kabla hajakopa ni chekipointi, modeli isevu hali yake kwenye diski ya nje ya podi kila baada ya muda, na ikiamka ianze ilipoishia. Hii sio kazi ya Kueue, Kueue haisevu chochote kwa niaba yako, ni kazi ya anayeandika kodi (msimbo wa programu). Mara nyingi nikipokea malalamiko kwamba klasta imemuonea mtu, nikifuatilia nakuta alikuwa kwenye GPU za kukopa na hana chekipointi. Namuonea huruma kwa kweli, lakini ile GPU haikuwa yake. Asiyeweza kusevu abaki ndani ya mgao wake, humo hang'olewi na timu nyingine.

Kama kuna timu haijawa tayari kuachia zote kuna lendingLimit, unasema mimi nina 24 lakini zinazokopesheka ni 16, hizi 8 zisiguswe hata zikikaa bure. Na borrowingLimit ni upande wa pili, unamwekea mkopaji ukomo ili asimeze kila kitu. Ushauri wangu, lendingLimit iwe ya muda tu, ya kujenga imani. Kila GPU uliyoizuia kukopeshwa ni GPU ambayo kuna mtu ameikosa bure, na nina imani timu ikishaona inapata vitu vyake bila kubembeleza itaiondoa yenyewe.

Sasa tuje kwenye swali gumu zaidi. Kuna GPU 24 ziko wazi, timu mbili zote zinataka kukopa, nani apewe? Ukiacha ilivyo, aliyetangulia anazibeba zote. Ndo maana kuna kitu kinaitwa Fair Sharing, hiki nacho unakiwasha mwenyewe kwenye konfigi. Kinachofanya ni kupima kila foleni imekopa kiasi gani kulinganisha na jumla ya vinavyokopesheka kwenye kohoti, halafu inagawa kwa uzito uliompa. Kama picha na takwimu wana uzito sawa na wote wana jobu ndogo ndogo za kutosha, zile 24 za lugha zitaelekea 12 kwa 12. Ukimpa picha uzito 2 na takwimu 1, itaelekea 16 kwa 8. Mwenye hisa ndogo ndiye anayetangulia kuingizwa, na anaweza hata kumng'oa mwenye hisa kubwa ili wakaribiane. Kinachopimwa hapo ni kile ulichokopa juu ya mgao wako tu, mgao wako wa msingi hauhesabiwi kama ulafi, na hilo naliona ni sawa kabisa.

Ila GPU sio kitu pekee, kuna CPU na memori, na hapo ndo watu wengi hesabu zinawapotea. Timu moja inakula CPU, nyingine inakula memori, utasemaje nani amechukua zaidi? Hili lilijibiwa vizuri sana na watafiti wa Berkeley mwaka 2011 kwa kanuni wanayoita DRF (Dominant Resource Fairness). Kwa kila mtu unaangalia kile anachokitumia kwa sehemu kubwa zaidi ya jumla, hicho ndo kipimo chake, halafu unasawazisha vipimo hivyo. Mfano wao wenyewe ni mzuri, naurudia kwa sababu sijaona ulio wazi zaidi. Klasta ina CPU 9 na memori GB 18. Mtu wa kwanza kila kazi yake inakula CPU 1 na GB 4, mtu wa pili kila kazi inakula CPU 3 na GB 1. Wa kwanza anaumiza memori, wa pili anaumiza CPU. Jibu linatoka kazi 3 kwa wa kwanza na 2 kwa wa pili: wa kwanza ameshika GB 12 kati ya 18, wa pili CPU 6 kati ya 9, wote theluthi mbili ya kile wanachokitegemea. Ukigawa nusu kwa nusu wa kwanza anapata GB 9, anaendesha kazi 2 tu, na wa pili anapata CPU 4 na nusu, anaendesha kazi 1, na vitu vingi vinabaki havina mtu. Kueue inafuata mawazo hayo hayo kwenye Fair Sharing, inachukua rasilimali ambayo umekopa kwa uwiano mkubwa kuliko nyingine na hiyo ndo inakuwa hisa yako. Kwahiyo timu isishangae imekopa CPU nyingi halafu inasukumwa nyuma kwenye GPU, ni kitu kilichokusudiwa.

Haya, ile nyota moja niliyoikata.

Ya kwanza ni jobu kubwa kukaa na njaa. Foleni ya Kueue ina tabia mbili unachagua moja. BestEffortFIFO, ambayo ndo ya kawaida, inasema jobu ya mbele ikiwa haitoshi mahali, za nyuma zinazotosha zipite. StrictFIFO inasema hapana, wa mbele asipoingia hakuna anayeingia. Ukichagua ya kwanza, mtu mwenye jobu ya GPU 24 anaweza kusubiri sana, kila zikipatikana 4 zinachukuliwa na vijobu vya nyuma na 24 hazitimii kamwe. Ukichagua ya pili, GPU 20 zinakaa tupu zikimsubiri yeye wakati kuna wenye vijobu vya nusu saa ambavyo vingeisha kabla. Slurm, programu nyingine ya kupanga jobu, hapa wako mbali sana, wao mtu anaandika jobu yake itachukua muda gani, kwahiyo skedula inajua ile kubwa itaweza kuanza saa ngapi, na inaruhusu vidogo vipite tu kama havitaichelewesha. Kueue haina makadirio ya namna hiyo. Sisi tumetenganisha, timu zenye jobu kubwa foleni yao ni StrictFIFO, wengine BestEffortFIFO, na jobu kubwa inapewa kipaumbele cha juu ndani ya timu yao. Inasaidia, sio dawa kamili.

Ya pili, kumbukumbu. Slurm, ambayo ilianzia maabara ya Lawrence Livermore kule Marekani na ndo inayoendesha kompyuta nyingi kubwa za utafiti duniani, inakumbuka nani alitumia nini. Matumizi yako yanashushwa thamani taratibu, na kwa seti yake ya kawaida kila baada ya siku 7 yanahesabiwa nusu, kwahiyo timu iliyojaza klasta wiki iliyopita leo inakaa nyuma kidogo ya ambayo haikupata kitu. Kwenye Kueue hisa inapimwa kwa sasa hivi. Uliyekopa mwezi mzima na uliyekopa dakika hii ya kwanza mko sawa mbele yake. Kwenye matoleo ya karibuni wameongeza utaratibu wa kuangalia matumizi ya nyuma, lakini ni wa kupanga LocalQueue zilizo chini ya ClusterQueue moja. Ni hatua nzuri na kwa timu moja yenye vikundi vidogo ndani yake inatosha, ila kama haki kwenu maana yake ni kila mtu apate sehemu yake ukijumlisha mwaka mzima, Slurm bado ndo mwenye nyumba.

Ya tatu inaniuma zaidi maana ni ya kila siku. Kueue inahesabu ulichoomba na sio unachotumia. Ukiomba GPU 8 na kodi yako inatumia 1, kwenye daftari lake umechukua 8. Hii sio kosa lao peke yao, skedula nyingi ziko hivyo, lakini msimamizi ajue kwamba haki ya foleni haimalizi uharibifu. Mali bila daftari hupotea bila habari, na hapa kuna madaftari mawili, la Kueue la nani amepewa nini, na la pili unalitengeneza mwenyewe kwa kupima kila GPU inafanya kazi kweli au imeshikwa tu. Sisi tunachora yote mawili kwenye dashibodi moja inayoonekana na kila timu, na nawaambieni kuonyesha tu wazi kwamba timu fulani imeshika GPU 16 na matumizi ni asilimia ndogo kunafanya kazi kuliko barua pepe yoyote. Watu wa notibuku (kurasa za kuandika na kujaribu kodi papo hapo) ndo wa kuwaangalia zaidi, mtu anafungua asubuhi, anaandika mistari miwili, anaenda kwenye kikao na GPU nzima iko kwake. Kwao bora vipande vidogo, kama kadi zenu zinaweza kugawanyika (A100 mfano inaweza kukatwa mpaka vipande 7 vinavyojitegemea), basi wape kipande na sio kadi nzima.

Halafu kuna uchochoro. Jobu isiyo na lebo ya foleni Kueue haiigusi kabisa kwa mpangilio wa kawaida, inapita moja kwa moja kwa skedula kama vile hakuna utaratibu. Mtu mmoja akiligundua hilo habari inasambaa. Kuna manageJobsWithoutQueueName ya kuziba, na kuna namna ya kuweka LocalQueue yenye jina default kwenye nemspesi ili asiyeandika lebo awekewe yenyewe. Fanyeni hivyo siku ya kwanza, kuja kuziba baadae wakati watu wameshazoea kupita ni vita.

Na moja la kiufundi: kwota ni namba, haijui GPU ziko wapi. Unaweza kuwa na GPU 8 wazi kwenye daftari lakini ziko mbili mbili kwenye nodi nne, ikija jobu inayotaka 8 kwenye nodi moja Kueue inaiachia kwa sababu hesabu inatosha, halafu podi inakaa Pending haina pa kukaa. Kuna waitForPodsReady, unaweka muda, podi zisipokuwa tayari ndani ya muda huo jobu inarudishwa foleni. Kuna pia upangaji unaoangalia mashine zilivyokaa na zilivyounganishwa, kwa jobu za nodi nyingi huu ni muhimu, ila usanidi wake unataka mtu aliyetulia na anayeijua klasta yake vizuri.

Kuhusu kuisakinisha sina mengi, faili moja la YAML (maandishi ya usanidi) au Helm (programu ya kusakinisha vitu kwenye Kubernetes), inakaa vizuri, haisumbui. Inaelewana na Job za kawaida, aina nyingine za jobu kama JobSet, RayJob na zile za Kubeflow, hata podi za kawaida. Ukitaka kujua jobu yako iko nafasi ya ngapi kuna njia ya kuuliza, na hilo watumiaji wanalipenda sana, mtu akijua yuko wa tatu anatulia, akiwa hajui anaanza kukupigia.

Mnaweza kuuliza mbona sio programu nyingine za namna hii. Volcano inapanga podi za jobu kwa pamoja na ina foleni zake vizuri tu, YuniKorn ya Apache ina foleni za ngazi ambazo aliyetoka kwenye Hadoop, mfumo wa kuchakata data nyingi, ataziona ni za nyumbani (huko YARN, sehemu yake ya kugawa rasilimali, ilikuwa na Capacity Scheduler kutoka Yahoo na Fair Scheduler kutoka Facebook, na mambo ya kukopeshana kati ya foleni yalianza huko zamani). Tofauti ni kwamba hizo zinakuja na skedula yao, Kueue inaiacha ya kwenu. Kwa klasta ambayo ina huduma nyingine zinazoendelea kutembea ndani yake sikutaka kugusa skedula kabisa.

Kazi ngumu yenyewe iko kwenye ile namba ya mgao wa msingi. Hakuna programu itakayokuambia lugha wapewe 24 na takwimu 8, hiyo ni mazungumzo ya watu, na kila kiongozi wa timu atakuja na hesabu za kuonyesha kwamba yeye anahitaji zaidi. Kuna wazo la Borg, mfumo wa ndani wa Google ambao Kubernetes ilijifunza mengi kutoka kwake, ambalo lilitusaidia sana: kwota ya kazi muhimu inatolewa kwa kadri ya mashine zilizopo kweli, lakini kwenye kipaumbele cha chini kabisa kila mtu ana kwota isiyo na mwisho, atume anachotaka, kikipata nafasi kitaendeshwa, kisipopata kitasubiri. Sisi kwa Kueue tumeiga kwa kuweka ClusterQueue moja ndani ya kohoti yenye mgao wa 0, yote inayoendesha ni ya kukopa, na timu yoyote inaweza kutuma humo. Hapo ubishi wa mgao ulipungua joto maana mtu aliyepewa 8 anajua 8 ni uhakika wake na sio ukuta wake.

Kwahiyo kama mko kwenye Kubernetes tayari na mna timu tatu, nne, kumi, wekeni Kueue bila kusita. Kama kazi zenu zote ni za kutreni na utafiti, hakuna huduma za wateja humo ndani, na watu wenu wamezoea kuandika muda wa jobu, kaeni na Slurm msihangaike kuhama. Kama mko timu moja tu yenye nodi mbili, hamhitaji chochote kati ya hivi, kaeni mezani muongee. Na mnaoiweka leo, anzeni na kohoti moja, reclaimWithinCohort iwe Any, LocalQueue ya default kila nemspesi, Fair Sharing iwashwe tangu mwanzo kabla watu hawajazoea ya aliyewahi, na mgao mpitie upya kila robo mwaka mkiwa na dashibodi mbele yenu, wote, sio wakuu wa timu peke yao.